Nyimbo za ngoma nazo ni mali ya kijiji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo ambalo, kwa miaka niliyofanya kazi ya uwakili katika mikoa ya Mtwara na Lindi, nimeliona likiachwa kando katika kila mjadala. Magazeti yetu huandika mara kwa mara juu ya migogoro ya ardhi vijijini, na huandika pia juu ya mirabaha ya wasanii na kazi zao zinazotumiwa bila idhini. Lakini habari za ardhi hukaa ukurasa mmoja na za muziki ukurasa mwingine, na msomaji hubaki akidhani kuwa ni mambo mawili yasiyohusiana. Wanazuoni wetu wa sheria nao wamegawana hivyo hivyo: anayefundisha sheria ya ardhi haandiki juu ya muziki, na anayeandika juu ya haki za wasanii haigusi ardhi. Ninaandika kusema kwamba huku Kusini mambo hayo mawili ni suala moja la mali, na kwamba sheria zetu wenyewe zinalionyesha hilo kwa yeyote atakayezisoma kwa pamoja.

Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi, Namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5. Mwaka huohuo likapitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7, inayolinda haki za watunzi pamoja na za waimbaji na wanaonasa sauti. Wabunge walikuwa walewale, na kimsingi walikuwa wakijibu maswali yaleyale: mali hii ni ya nani, nani anaweza kumruhusu mgeni aitumie, na huyo anayeruhusu anawajibika kwa nani. Majibu, hata hivyo, hayakufanana. Kwa upande wa ardhi, kifungu cha 8 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kiliikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi yote ya kijiji, kikaitaka iisimamie kama mdhamini asimamiavyo mali ya wanufaika, wanufaika wenyewe wakiwa ni wanakijiji na wakazi wengine wa mahali hapo. Tena kikaizuia kugawa kipande chochote kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujaridhia. Kwa upande wa nyimbo, ngoma na hadithi za jadi, sehemu ya tatu ya Sheria ya Hakimiliki ilizikinga zisitumiwe kibiashara nje ya mazingira yake ya kimila bila kibali, lakini mamlaka ya kutoa kibali hicho ikayaweka mikononi mwa Baraza la Sanaa la Taifa, Dar es Salaam. Kijiji kilichoaminiwa kusimamia maelfu ya ekari hakikuaminiwa kusimamia wimbo wake.

Siandiki haya kulilaumu Baraza, ambalo liliundwa kwa Sheria Namba 23 ya 1984 likiwa na kazi nyingi kuliko uwezo lililopewa. Muundo huu ulitoka mbali. Mwaka 1982 mashirika ya Umoja wa Mataifa, UNESCO linaloshughulikia elimu na utamaduni na WIPO linaloshughulikia hakimiliki, yalitoa vifungu vya mfano kwa ajili ya nchi zilizotaka kulinda sanaa zao za jadi, na nia yake ilikuwa njema: nyimbo za mataifa yaliyotoka ukoloni zilikuwa zikinaswa na kuuzwa Ulaya na Marekani bila hata kutajwa zilikotoka. Vifungu hivyo vilitaka mtumiaji wa kibiashara aombe ruhusa, ataje jamii au mahali sanaa ilikotoka, na pale ada itakapotozwa itumike kukuza na kulinda utamaduni. Lakini kuna jambo moja ndani yake ambalo wasomi wetu wangepaswa kulipigia kelele zamani. Mahali palipoandikwa nani atoe ruhusa, vifungu vya 1982 viliweka chaguo mbili ndani ya mabano, ama mamlaka maalumu ya nchi ama jamii yenyewe inayohusika, ili kila Bunge lijichagulie. Sisi tulichagua la kwanza. Ghana ilifika mbali zaidi, kwani sheria yake ya 2005 imeziweka haki za sanaa za jadi kwa Rais azishike kwa niaba ya wananchi. Kwetu Rais hushika ardhi kwa namna hiyohiyo, akiwa mdhamini, lakini kwenye ardhi tulijifunza kwa uchungu kwamba udhamini wa mbali hautoshi.

Uchungu huo una historia, na Kusini tunaijua. Operesheni ya Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kutoka makazi yao ya asili na kuwakusanya katika vijiji vipya. Mashamba waliyoyaacha yakageuka mahame, na haki zao za kimila zikabaki zikining'inia. Mwaka 1991 iliundwa Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji, ikazunguka nchi nzima kuwasikiliza wananchi, na ikapendekeza kwamba ardhi ya vijiji iwe chini ya mikutano ya vijiji yenyewe. Serikali haikulikubali pendekezo hilo lote. Ilibakiza mamlaka ya juu kwa Rais. Kabla ya hapo sheria moja ya 1992 ilikuwa imejaribu kuzifuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa, na ndipo likaja shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay. Katika hukumu yake ya Desemba 1994, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilitamka kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba kuichukua pasipo fidia ya haki ni kuvunja Katiba. Miaka mitano baadaye kifungu cha 18 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kikaandika wazi kuwa haki ya kimila ya kutumia ardhi ina hadhi sawa kabisa na ile inayotolewa na Serikali, na kwamba inaweza kuwa isiyo na kikomo cha muda.

Hukumu ile haikudondoka kutoka mbinguni. Ilitanguliwa na kazi ya wanazuoni, wakiwemo R. W. James na G. M. Fimbo, ambao mapema miaka ya 1970 walikusanya na kuchambua sheria za kimila za ardhi wakati ambapo wengi waliziona kama masalio yatakayojifia yenyewe. Mtu aliyekuwa hana karatasi alipata watu wa kumweleza kwa lugha ambayo mahakama inaielewa. Kwenye muziki wa jadi kazi ya namna hiyo bado haijafanywa kwa kiasi cha kutosha, na mwenye wimbo asiye na karatasi yuko pale alipokuwa mwenye shamba kabla ya 1994.

Tena tukitazama jinsi sheria ilivyokutana na muziki huko ilikoanzia, tunaona kwamba ilimfuata mwenye karatasi tangu mwanzo. Mwaka 1777 mahakama moja ya London, Lord Mansfield akiwa jaji, iliamua katika shauri la Johann Christian Bach dhidi ya mchapishaji Longman kwamba muziki ni aina ya maandishi, na kwa hiyo unalindwa na sheria ya vitabu ya 1710. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa watunzi, lakini ulipatikana kwa kuwa noti zilikuwa zimechapwa. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kwamba karatasi zenye matundu zilizokuwa zikiendesha piano za kujipiga zenyewe hazikuwa nakala za wimbo, kwa sababu mtu hawezi kuzisoma kwa macho. Mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo likalazimika kurekebisha sheria. Kila mara muziki ulipotoka nje ya karatasi, sheria ilichelewa kuufuata. Leo, chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, mtunzi halazimiki kusajili kazi yake ndipo apate haki. Lakini mkataba huo bado unamtafuta mtunzi mmoja anayejulikana kwa jina, na sheria yetu inahesabu ulinzi kwa uhai wake na miaka 50 baada ya kifo chake. Wimbo wa jando uliopita vinywani mwa vizazi vingi hauna siku ya kuanzia hesabu hiyo.

Yeyote aliyehudhuria ngoma ya kuwatoa wari katika vijiji vya Newala au Tandahimba ameyaona haya ninayotaka kuyaeleza. Kabla ya kuanza, wapigaji huwasha moto wa majani makavu na kuzipasha ngoma zao, wakizigonga kwa ncha za vidole na kuzisikiliza mpaka ngozi ikaze na mlio ukae sawa. Hapo ndipo manju, yaani mwimbaji kiongozi, hujitokeza. Mmoja niliyemsikiliza, mama wa makamo, hakuimba hata ubeti mmoja kabla ya kutamka kwamba wimbo ule ulikuwa wa mjomba wake, na kwamba mjomba aliupokea kwa watu waliokaa naye katika mahame fulani kabla hawajahamishiwa kijiji cha sasa. Akawataja kwa ukoo wao wa upande wa mama, na wazee waliokaa chini ya mwembe wakaitikia. Mwanasheria anayesikiliza vizuri anatambua mara moja alichokisikia: ni maelezo ya nani alipata kwa nani, kwa njia ipi, na mbele ya mashahidi gani. Ndiyo maelezo yaleyale ninayoyatafuta kila ninapofungua faili la shauri la shamba. Tena, ndani ya maelezo hayo ya wimbo limo jina la mahame, yaani ushahidi wa nani alikaa wapi kabla ya Operesheni ya Vijiji, ambao mara nyingi haupatikani katika jalada lolote la wilaya.

Siku ile kijana mmoja aliinasa ngoma yote kwa simu. Haukupita muda mrefu kiitikio cha wimbo ule kikasikika katika wimbo mpya uliotengenezwa studio, ukipigwa kwenye vibanda vya simu na ndani ya mabasi madogo, ukiwa na jina la mwimbaji na jina la prodyuza, na bila neno lolote juu ya kijiji wala ukoo. Sidhani kama kijana aliyenasa wala aliyeimba alikusudia ubaya. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kuna kibali cha kuombwa, na pale kijijini hakuna aliyejua kwamba kibali hicho kipo. Nilipokutana tena na yule mama hakuniuliza habari za fedha. Aliuliza kwa nini mjomba wake hakutajwa. Nilimweleza kuwa sheria inataka chimbuko litajwe, na kwamba malalamiko yake angepaswa kuyapeleka Dar es Salaam. Alinitazama, akabadilisha mazungumzo.

Mtu wa Mtwara hahitaji kwenda chuo kikuu ili aelewe kwamba mali moja inaweza kuwa na wenyewe zaidi ya mmoja. Shamba linaweza kuwa la ukoo, mikorosho iliyomo ikawa ya aliyeipanda, na korosho za msimu huu zikawa za yule aliyeipokea mikorosho hiyo rehani. Watu wote watatu wanajuana, na kila mmoja anajua mpaka wa mwenzake. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ndivyo inavyougawa wimbo wa kisasa: utunzi una mwenyewe, uimbaji una mwenyewe, na sauti iliyonaswa studio ina mwenyewe. Ila inapofika kwenye wimbo uliojengwa juu ya ngoma ya kijiji, sheria inawaona wenye mikorosho na wenye mavuno, kisha shamba lenyewe inalipeleka kwa msimamizi aliye zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Mwanazuoni Wesley Hohfeld wa Marekani alieleza katika maandishi yake ya 1913 na 1917 kwamba haki haiko hewani. Penye haki ya mtu pana wajibu wa mtu mwingine aliyekabiliana naye. Swali ninalowapa wanazuoni wetu ni hilo: mwimbaji anayechukua kiitikio cha Tandahimba ana wajibu kwa nani hasa? Kwa Baraza la Sanaa, au kwa ukoo ule uliokuwa ukiitikia chini ya mwembe?

Wapo watakaosema kwamba haya ni maswali ya vitabuni. Ninawajibu kwa habari za Solomon Linda, Mzulu aliyeimba wimbo wa Mbube na kuunasa katika santuri mjini Johannesburg mwaka 1939. Haki zake alizitoa kwa shilingi kumi. Wimbo ukazunguka dunia kwa majina mengine na kuwaingizia wengine fedha nyingi, na yeye akafa mwaka 1962 akiwa maskini. Kilichowarudishia watoto wake sehemu ya haki ni uchambuzi wa mwanazuoni na wakili Owen Dean, aliyesoma upya sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1911 iliyotumika pia Afrika Kusini, na kuonyesha kwamba ndani yake mlikuwa na kifungu kinachorudisha haki zilizouzwa kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Shauri lilifunguliwa mwaka 2004 dhidi ya kampuni ya Disney, iliyokuwa imeutumia wimbo huo, na mwaka 2006 yakafikiwa maafikiano. Kifungu hicho kilikuwa kimelala tangu zamani. Aliyekosekana ni msomi wa kukiamsha. Nina hakika kwamba katika vifungu vya 1999 vya ardhi ya vijiji kuna mambo yaliyolala vivyo hivyo kwa ajili ya muziki, na hasa lile neno la udhamini.

Kanada inatupa mfano ulio karibu zaidi na shauri langu. Wakuu wa kurithi wa jamii za Gitxsan na Wet'suwet'en wa British Columbia waliidai ardhi yao mahakamani, eneo la kilomita za mraba zipatazo 58,000, na miongoni mwa ushahidi wao walileta masimulizi na nyimbo zinazoshikwa na koo, kwa kuwa katika jamii hizo wimbo wa ukoo ndio unaoeleza ukoo umefungamana vipi na ardhi yake. Mzee mmoja mwanamke alipotaka kuimba mbele ya jaji, jaji alisita na kuona kwamba kuimbiwa hakungemsaidia kitu. Hukumu ya 1991 haikuyapa masimulizi hayo uzito wa kujitegemea, na wadai wakashindwa. Lakini tarehe 11 Desemba 1997 Mahakama ya Juu ya Kanada, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Antonio Lamer, iliamua kwamba ushahidi wa masimulizi ya mdomo upewe nafasi sawa na nyaraka za kihistoria, ikaagiza shauri lisikilizwe upya. Wanasheria wa ardhi duniani kote huisoma hukumu hiyo, inayojulikana kwa jina la Delgamuukw. Sijamsikia bado anayeisoma akiwa amekaa kwenye baraza la ardhi la kijiji kimoja cha wilaya ya Nachingwea, ambako wazee huulizwa mipaka na kujibu kwa kutaja majina ya mahali yaliyohifadhiwa na nyimbo.

Mwaka uliofuata Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua shauri la John Bulun Bulun, mchoraji wa jamii ya Ganalbingu, ambaye mchoro wake ulichapwa kwenye vitambaa bila ridhaa. Wawakilishi wa jamii walidai kwamba, kwa kuwa mchoro ule ulihusu mahali patakatifu katika ardhi yao, nao walikuwa wenye haki ndani yake. Jaji von Doussa hakukubali kwamba jamii nzima ilikuwa na hakimiliki ya pamoja, lakini alikubali kwamba msanii, ambaye hutumia elimu ya jamii kwa ruhusa yao, anabeba wajibu wa amana kwao na hawezi kuitumia kazi hiyo kinyume cha desturi zao. Naiona hukumu hii kuwa na thamani kubwa kwetu, kubwa pengine kuliko huko ilikotolewa, kwa sababu sisi wajibu wa udhamini tumeuandika tayari katika sheria ya vijiji na watu wameuzoea. Hatuna haja ya kuuomba mahakamani kama jambo geni.

Ninajua kwamba uwanja wa sheria na muziki una maandishi ya namna nyingine pia. Jaji Jerome Frank wa Marekani aliandika mwaka 1947 akimlinganisha jaji anayefasiri sheria na mpigaji anayefasiri utunzi wa mtu mwingine, na mwaka 1991 Sanford Levinson na Jack Balkin wakaliendeleza wazo hilo. Ni maandishi mazuri, na yanagusa jambo ambalo manju wetu wanalijua, kwamba wimbo hauimbwi mara mbili kwa namna moja. Hata hivyo, ningependa wasomi wetu waanze na umiliki, kwa sababu huko ndiko watu wanakoumia.

Pingamizi zipo, na baadhi yake ni nzito. Wako wanaosema kwamba sindimba, kwa mfano, ingawa ilitoka kwa Wamakonde, imechezwa shuleni na katika vikundi vya taifa tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, na sasa ni ya Watanzania wote. Nakubali. Hakuna anayetaka mwalimu wa Singida alipe ili wanafunzi wake wacheze sindimba, na hata vifungu vya 1982 viliacha huru matumizi ya elimu. Viliacha huru pia kitu kigumu zaidi, yaani mtunzi anayeazima kutoka katika sanaa za jadi ili atunge kazi yake mwenyewe. Bila uhuru huo muziki wa nchi hii ungekauka. Lakini mpaka kati ya kuazima na kuchukua kiitikio kizima haujachorwa, na hapo ndipo kazi ya uanazuoni inapohitajika kwa dhati, kwa kuwa mpaka huo hauwezi kuchorwa na mtu asiyejua ni sehemu gani ya wimbo ni ya kila mtu, ipi ni ya manju, na ipi haitakiwi kusikiwa nje ya unyago. Sheria ya Ardhi ya Vijiji iliweza kutofautisha ardhi ya matumizi ya pamoja, ya watu binafsi na ya akiba. Wanakijiji hutofautisha nyimbo zao kwa umakini usiopungua huo, na kwa nyimbo za unyago wanaojua ni wanawake, ambao sheria hiyohiyo imewahakikishia nafasi tatu kati ya saba katika Baraza la Ardhi la Kijiji.

Wengine huuliza itakuwaje vijiji viwili vikidai ngoma moja, au ngoma iliyo pande zote mbili za Mto Ruvuma, kwa maana Wamakonde, Wamakua na Wayao wapo huku na Msumbiji. Kwa vijiji viwili, kifungu cha 11 cha sheria ya vijiji kinaruhusu makubaliano ya kutumia ardhi kwa pamoja, na sioni kwa nini njia hiyo isifae kwa ngoma. Kwa mataifa mawili, Gule Wamkulu ya Wachewa iliorodheshwa UNESCO kwa pamoja na Malawi, Msumbiji na Zambia, na mpaka haukuwa kizuizi.

Ninachoomba ni hiki. Tume ya Kurekebisha Sheria iitazame upya sehemu ya tatu ya Sheria ya Hakimiliki ikiwa imeiweka kando ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na ipendekeze kwamba idhini ya kutumia kibiashara ngoma ya kijiji kinachojulikana ianzie katika Mkutano Mkuu wa kijiji hicho, Baraza la Sanaa likibaki msajili na msimamizi. Halmashauri za vijiji ziwe na rejista ya ngoma na manju wake, itunzwe pamoja na rejista ya ardhi ya pamoja, na zile nyimbo ambazo wenyewe hawataki ziuzwe ziandikwe kwa kutajwa tu bila kuandikwa maneno yake. Mabaraza ya ardhi yaandike katika mwenendo wa shauri kila wimbo unaotolewa kama ushahidi wa mahame au mpaka, badala ya kumwambia mzee aruke hapo aendelee na maelezo. Haya ya mwisho hayahitaji hata kusubiri Bunge.

Kwa vyuo vyetu vya sheria, na hasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambacho mwaka 1961 kilianza na kitivo cha sheria, naomba waleteni wanafunzi wa shahada za juu huku, waje wawili wawili, mmoja wa sheria ya ardhi na mmoja wa hakimiliki, wakae katika kijiji kimoja. Tangu mabadiliko ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo hakuna sababu ya tasnifu ya namna hiyo kuandikwa kwa lugha ambayo mwenye wimbo hawezi kuisoma. Msimu wa jando na unyago ni Juni na Desemba, shule zikifungwa. Ofisi yangu iko tayari kuwapeleka kwa wenyeviti wa vijiji vya Newala, Tandahimba na Nachingwea na kuwaombea ruhusa, kwa sharti kwamba kabla ya tasnifu kukabidhiwa chuoni isomwe kwanza mbele ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, na wenye nyimbo wapewe nafasi ya kusahihisha.

Wako,
Wakili wa kujitegemea,
Mtwara Mjini